Kuzuia Rangi: Nguo za Nili za Japani, Kaniki Yetu na Soko la Zhongda

(Mhadhara uliotolewa Guangzhou mbele ya wanafunzi na wafanyabiashara kutoka Afrika Mashariki. Umehaririwa kidogo kwa ajili ya kuchapishwa.)



Ukitoka Xiaobei, pale wengi wenu mnapofikia, ukakatiza bustani ya Yuexiu ukatokea upande wa pili, utaikuta Makumbusho ya Mfalme wa Nanyue. Mwaka 1983 wajenzi waliokuwa wakichimba kilima wapate mahali pa kuweka majengo walikutana na kaburi la mawe la Zhao Mo, mfalme wa pili wa Nanyue, aliyezikwa hapo katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Wageni wengi hukimbilia vazi lake la vipande vya jade vilivyounganishwa kwa uzi wa hariri. Sisi Waafrika huelekezwa kwenye pembe za ndovu, maana wataalamu wa hapo wanasema ni za ndovu wa Afrika, na mtu wa pwani akisikia hivyo lazima atabasamu. Leo naomba mvipite vyote viwili. Kaburini humo mlikuwa na vibao viwili vya bronzi, vidogo vya kutosha kiganjani, vyenye michirizi iliyoinuka mfano wa ndimi za moto. Ni vibao vya kupigia chapa kitambaa, na ni miongoni mwa vifaa vya kuchapia nguo vya zamani kabisa vinavyojulikana duniani.

Mji huu, basi, ulikuwa ukipiga chapa nguo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, na mpaka leo biashara yake kubwa ya vitambaa ni hiyohiyo. Nguo zilizonileta hapa zilifanywa kwa njia iliyo kinyume.

Kuna njia mbili kubwa za kupata mchoro kwenye nguo. Ya kwanza ni kuipelekea nguo rangi pale unapoitaka, kwa mhuri, kwa brashi, kwa rola, na siku hizi kwa mashine inayorusha wino kama printa ya ofisini. Ya pili ni kuizuia rangi isifike pale usipoitaka, kisha ukaitosa nguo nzima. Wa kwanza anachora kwa buluu. Wa pili anachora kwa weupe, na weupe wenyewe ni pamba ambayo haikuguswa. Nguo za nyumbani za Japani za zamani, zile za buluu iliyoiva zenye korongo na maua meupe, ni kazi ya huyu wa pili. Ninachotaka kusema leo ni kwamba sokoni hapa tunauziwa sura ya kazi ya pili kwa njia ya kwanza. Na nitasema pia kwa nini jambo hilo linatuhusu sisi kuliko tunavyodhani, maana nili tunayo katika historia yetu, tena si ya mbali.

Nianze na Japani. Katika karne ya 17 watawala wa huko waliwakataza wakulima kuvaa hariri. Pamba iliruhusiwa, na pamba ilikuwa ndiyo kwanza inaenea. Sasa, rangi nyingi za mimea hazishiki pamba vizuri, nili inaishika. Kwa hiyo mtu wa kawaida alivaa buluu, akalalia buluu, akafungia mzigo wake katika buluu. Kila mji na karibu kila kijiji kikubwa kilikuwa na konya, yaani nyumba ya mtia nili, na huko ndiko familia ilikopeleka oda.

Oda kubwa kuliko zote ilikuwa ya harusi. Binti akikaribia kuolewa, nyumba yao iliagiza seti nzima: nguo ya kufunikia godoro, ya kufunikia sanduku la nguo zake, na furoshiki, kile kitambaa cha mraba cha kufungia vitu. Juu ya nguo hizo ilikaa nembo ya ukoo. Kuizunguka waliwekwa korongo na kobe kwa ajili ya umri mrefu, au msonobari, mwanzi na mplamu, mimea mitatu inayostahimili baridi. Maduka nayo yaliagiza noren, mapazia mafupi ya mlangoni yaliyopasuliwa katikati, yenye jina la duka. Hebu lishikeni hilo, kwamba nguo hizi ziliagizwa, na zilibeba alama ya mwenyewe. Nitalirudia tukifika Mombasa.

Kazi ilifanywaje? Kuna ufundi kadhaa. Upo wa kufunga na kushona kitambaa ili rangi isipenye kwenye mikunjo, uitwao shibori. Mji wa Arimatsu, ambao sasa ni sehemu ya Nagoya, umejulikana kwa kazi hiyo tangu 1608. Upo wa kufunga nyuzi zenyewe kabla hazijafumwa. Ila ninaotaka tuutazame kwa karibu ni tsutsugaki, kwa sababu ndio uliotumika zaidi katika nguo za harusi, na kwa sababu, nikiri upendeleo wangu, ndio wenye mkono wa mtu ndani yake.

Fundi alipika uji mzito wa unga wa mchele wa kunata na pumba za mchele, akatia chokaa na chumvi. Chumvi huvuta unyevu ili uji usikauke ukapasuka. Aliujaza katika koni ya karatasi ngumu iliyotiwa maji ya persimoni bichi, ambayo yakikauka karatasi hailowi tena. Kwenye ncha ya koni palikuwa na mdomo mdogo wa chuma au mwanzi. Kitambaa kilitandazwa kikavutwa na vijiti vya mwanzi kwa chini kikawa kimekaza. Kisha fundi akaanza kukamua. Uzi wa uji unatoka, anauongoza kwa mkono: shingo ya korongo kwa mvuto mmoja, manyoya ya bawa kwa mivuto mifupi. Hakuna kufuta. Akitetemeka, mtetemeko unabaki miaka 100. Ndiyo maana korongo wawili wa fundi mmoja hawafanani, na mtu aliyezoea nguo hizi huanza kuwatambua mafundi kwa mikono yao bila hata kuyajua majina yao. Uji ukikauka, kitambaa hupakwa maji ya soya ili rangi ishike, ndipo kinakwenda kwenye mtungi.

Ufundi mwingine, katazome, ulitumia karatasi iliyotobolewa mchoro, uji ukapitishwa juu yake kwa kibao. Karatasi hizo zilikatwa hasa Shiroko, katika mkoa wa Mie. Kwa nguo za yukata mafundi wengine waliweka uji pande zote mbili za kitambaa, mchoro wa nyuma ukalala sawasawa juu ya wa mbele. Jaribuni kufikiria kitambaa cha mita 12 chenye vijani vidogo kuliko ukucha, na vinapaswa kukutana mbele na nyuma.

Na mtungi wenyewe? Nili ina tabia moja ya ajabu ambayo inaeleza karibu kila kitu. Haiyeyuki majini. Ukiikoroga katika maji unapata matope ya buluu, na nguo ukiitosa humo itatoka chafu tu. Ili ishike nyuzi lazima kwanza inyang'anywe oksijeni. Ikinyang'anywa, huyeyuka na maji kuwa ya kijani yenye manjano. Nguo ikizama humo inakunywa nili. Ikitolewa, hewa inairudishia oksijeni, na mbele ya macho yako kijani kinageuka buluu. Rangi imenasa ndani ya uzi na haitoki tena kwa maji. Ukitaka buluu iliyoiva, unatosa na kuanika mara nyingi.

Wajapani walifanya kazi hiyo ya kunyang'anya oksijeni kwa vijidudu. Majani ya nili, hasa ya Tokushima kwenye bonde la mto Yoshino, yalirundikwa, yakanyunyiziwa maji na kupinduliwa kwa muda wa siku 100 hivi hadi yakawa mboji iitwayo sukumo. Mboji hiyo iliwekwa mtungini pamoja na maji ya majivu, chokaa, pumba za ngano na pombe kidogo ya mchele, ikaachwa ichachuke. Povu la buluu likijikusanya juu, mtungi uko tayari.

Wale wenu mliosomea batiki katika mafunzo ya SIDO, shirika la viwanda vidogo la Tanzania, mmeshanielewa kabla sijamaliza. Kostiki soda na haidrosi mnazotia kwenye beseni zinafanya kazi hiyohiyo ya majivu na vijidudu. Rangi inabadilika ndani ya beseni, kitambaa kinatoka na rangi isiyo yake, unakianika, hewa inakimalizia. Tofauti ni kwamba haidrosi humaliza kwa dakika kile ambacho mtungi wa Tokushima ulikingoja kwa siku. Na kuna sababu ya uji na nta kuandamana na nili karibu popote duniani ilikopikwa: nili hukubali maji ya uvuguvugu. Rangi inayotaka kuchemshwa ingeyeyusha nta na kulainisha uji, weupe wote ukapotea.

Sasa turudi China, maana mtu asidhani haya ni ya Wajapani peke yao. Huko Nantong, kwenye mdomo wa mto Yangtze, kuna nguo za buluu na nyeupe za foronya, mapazia na nguo za kubebea watoto. Uji wao ni wa unga wa soya na chokaa, unapitishwa juu ya karatasi iliyotiwa mafuta na kukatwa mchoro. Baada ya kutiwa rangi uji mkavu hukwanguliwa kwa kisu. Mwaka 2006 kazi hiyo iliingizwa katika orodha ya taifa ya urithi usioshikika, pamoja na ile ya Wamiao wa Danzhai, mkoani Guizhou, ambao huchora kwa nta ya nyuki na kisu kidogo cha bapa za shaba. Guizhou si mbali siku hizi. Treni ya mwendo kasi kati ya Guiyang na Guangzhou ilianza Desemba 2014, na kabla ya hapo vijana wengi wa mkoa ule walikuwa tayari wamejaa viwandani huku Guangdong.

Na Guangzhou yenyewe? Hapa nili ipo, ila imejificha mahali pawili. Pa kwanza ni kwenye kikombe chenu. Mwanafunzi yeyote aliyepata mafua mjini hapa amewahi kupewa chembechembe za banlangen azikoroge katika maji ya moto. Banlangen ni mzizi wa mmea wa nili. Majani yalikwenda kwa mtia rangi, mizizi ikaenda kwa mganga. Mwanzoni mwa 2003, homa ya SARS ilipoenea, watu wa mji huu walizigombania dawa hizo madukani pamoja na siki hadi zikaadimika.

Pa pili ni Xintang, wilaya ya Zengcheng, mashariki ya mji. Tangu miaka ya 1980 Xintang ilikua ikawa moja ya vituo vikubwa kabisa vya jinzi duniani. Na jinzi ni nili: uzi wa urefu hutiwa buluu kwa nje tu, moyo wake ukabaki mweupe, ndiyo maana hupauka magotini. Mwaka 2010 Greenpeace walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa maji na matope ya hapo, wakataja metali nzito zilizozidi. Katika miaka iliyofuata serikali ilifunga viwanda vingi vya kutia rangi na kufulia, vingine vikahama. Nayasema haya kwa sababu kila nikizungumzia nguo za mikono huwa kuna mtu ananiuliza kama si mambo ya watalii tu. Nili hii inayoonekana ya kizamani ndiyo rangi ya nguo inayovaliwa na nusu ya ukumbi huu jioni hii. Tazameni miguu yenu.

Nihamie kwetu. Kuna mtawa Mreno, João dos Santos, aliyeishi visiwa vya Kerimba, kaskazini mwa Msumbiji, katika miaka ya 1590. Kitabu chake kilichapishwa Évora mwaka 1609. Anaeleza jinsi Waislamu wa visiwa vile walivyotengeneza nili kutokana na mimea ya hapohapo na kutia rangi vitambaa, na nguo za upande huo, zilizoitwa maluane au milwani, ziliuzwa mbali katika biashara ya pwani. Ni watu wa lugha ya Kimwani, jamaa wa karibu wa Waswahili. Huko nyuma, basi, nili ilipikwa pwani yetu.

Karne ya 19 inatupa kaniki. Merikani, ile pamba nyeupe isiyopaushwa iliyoletwa na meli za Massachusetts, ilikuwa nguo ya watumwa na maskini. Laura Fair, katika kitabu chake cha 2001 kuhusu Zanzibar baada ya utumwa, ameeleza jinsi wanawake waliokuwa watumwa walivyoichukua merikani wakaitia nili, ikawa kaniki. Tulizoea kuambiwa kaniki ni nguo duni, basi. Tuitazame tena. Mwanamke asiye na chochote anapewa kitambaa ambacho kila amwonaye anajua ni cha mtumwa. Anakipeleka kwenye mtungi wa rangi. Mimi hapo namwona mtu anayejichagulia, hata kama uchaguzi wake ulikuwa kati ya rangi moja na hakuna.

Mwaka 1897 ukaja na mambo mawili yasiyojuana. Mwezi Aprili Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kukomesha hali ya utumwa Unguja na Pemba. Mwaka huohuo kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kutengenezwa kiwandani, na mashamba ya nili ya Bengali yakaanza kufa. Ya Tokushima nayo yakafuata. Nili sasa ikawa rahisi kuliko wakati wowote, na wakati huohuo wanawake wa Zanzibar wakawa hawaitaki. Waliokuwa watumwa waliitupa kaniki wakavaa kanga. Kaniki ilibaki kwa wakulima wa bara, kwa kazi za shamba, na kwenye ngoma za pepo na uganga.

Huko Japani ilikwenda kinyume. Nguo ya buluu ya mkulima, hata iliyochakaa na kuwekwa viraka juu ya viraka, leo inawekwa ndani ya kioo. Yanagi Sōetsu alifungua Makumbusho ya Sanaa za Watu mjini Tokyo mwaka 1936, akawafundisha wenzake kuthamini vitu vya jikoni na chumbani. Serizawa Keisuke, aliyeingia katika ufundi wa karatasi iliyokatwa, alitangazwa kuwa hazina hai ya taifa mwaka 1956. Tanaka Chuzaburo alizunguka vijiji vya Aomori akikusanya matambara ambayo wenyewe waliona haya kuyaonyesha.

Kwa nini buluu ya maskini wa kule ikawa hazina na ya maskini wa kwetu ikawa aibu? Jibu la haraka ni kwamba wao wana makumbusho na sisi hatuna. Silikubali. Nguo ya Kijapani ilikuwa na nembo ya nyumba na iliagizwa kwa jina. Kaniki ilikuwa buluu tupu, na historia iliyoibeba ilikuwa ya kufanywa mali ya mtu mwingine. Mtu aliyeachiwa huru halazimiki kuhifadhi sare yake kwa ajili ya kufurahisha watafiti wa baadaye. Walioitupa walikuwa na haki.

Jamaa wa kweli wa ile nguo ya harusi ya Kijapani, basi, si kaniki. Ni kanga. Kanga ina pindo, ina mji, ina jina. Inatolewa kwenye harusi, inatandikwa, inabebea mtoto, inafunika maiti. Mwenye kuichagua anachagua maneno yake na kwa nani yafike. Na undugu huu si wa mafumbo tu, kuna hati za biashara. Mikataba ya Bonde la Kongo, iliyotokana na Mkutano wa Berlin wa 1884–85, iliwazuia Waingereza kuweka ushuru wa upendeleo Afrika Mashariki. Mwaka 1926 meli za Osaka Shosen Kaisha zilianza safari za kawaida kuja kwetu, na kufika miaka ya 1930 vitambaa vya pamba vya Japani vilikuwa vimewapita wengine wote sokoni. Baada ya Vita vya Pili kampuni ya Nishizawa ya Japani ilitengeneza kanga kwa miongo kadhaa kwa ajili ya wenye maduka wa huku, na mteja wake mkubwa alikuwa Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, yule ambaye bibi zetu walimjua kwa chapa ya "Mali ya Abdulla". Mchoro na maneno yalikubaliwa na Mombasa; kazi ikafanyika Japani. Kanga hizo zilichapwa, hazikuzuiwa kwa uji, wala sitaki kuzipamba. Nasema utaratibu wa kuagiza ulikuwa uleule wa konya: mteja anajua anachotaka, fundi anafanya.

Ukitaka ufundi wa kuzuia rangi katika kabati letu, uutafute kwenye kitenge. Wax halisi ya Kiholanzi, ile ya Vlisco ya Helmond iliyoanza mwaka 1846 kwa kuigiza batiki za Java, hupigwa utomvu wa moto pande zote mbili, kisha hutoswa katika nili. Utomvu ukipasuka, nili hupenya kwenye nyufa na kuacha ile mishipa myembamba ya buluu. Wanunuzi wa Java waliona ni kasoro. Wanunuzi wa Afrika wakaipenda, na kasoro ikawa alama ya ubora.

Basi twende Zhongda. Soko hili limejibandika kwenye ubavu wa Chuo Kikuu cha Sun Yat-sen, wilaya ya Haizhu, na jina lake ni kifupi cha jina la chuo. Ndani ni ghorofa juu ya ghorofa za sampuli zilizoning'inizwa kwenye ndoana. Nje, katika vijiji vya Kangle na Lujiang, ni vyerehani vya watu wengi waliotoka Hubei. Humo mtapata shibori. Mtapata noren. Mtapata foronya zenye korongo wa Kijapani na batiki za Kimiao, kwa jora, kwa rangi saba mkitaka, pamoja na waridi.

Chukueni sampuli mkononi, mwache kuitazama mbele. Igeuzeni. Nguo iliyotoswa ina buluu karibu sawa pande zote mbili. Iliyochapwa nyuma yake imefifia, au ni nyeupe kabisa. Kisha tafuteni ufa mmoja kwenye wax au batiki, wenye umbo mnaloweza kulikumbuka, mfuate pindo kwa kidole. Kama ni nta ya kweli, ufa ule hamtauona tena. Kama ni rola, baada ya mzunguko mmoja utatokea uleule, mahali palepale, na baada ya mwingine tena. Mashine ya wino inaweza kurefusha mzunguko, lakini kwa kawaida nayo hurudia. Halafu piteni kitambaa cheupe juu yake kwa nguvu. Nili halisi iliyotiwa juzi itaacha buluu kidogo. Hapo kuna kichekesho: mama wa Kariakoo akiona rangi imetoka anasema nguo hii inachuja, anairudisha. Kipimo chetu cha ubora kinaikataa ile halisi na kuipitisha ya kuigiza. Kwa shuka la kulalia, mama huyo yuko sahihi, na mimi ningemwuzia iliyochapwa. Ila tusiiite batiki, na tusiilipie bei ya batiki.

Sisemi viwanda vya hapa ni vya kudanganya. Viwanda vya China vinatengeneza wax halisi pia, ukiijua na kuilipia. Wala sisemi uhusiano wetu nao ni wa kununua tu. Kiwanda cha Urafiki pale Ubungo kilijengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, na kanga zake na vitenge vyake vimewavisha wazazi wa wengi wenu. Tatizo langu ni dogo na ni la kibiashara. Soko lililojengwa kwa kiwango cha chini cha oda, maelfu ya mita kwa mchoro mmoja, haliwezi kumhudumia mtu anayetaka nguo yenye jina la nyumba yake. Ndipo inapotokea hoteli ya ufukweni kununua foronya za shibori ya kuchapwa kutoka Guangzhou ili wageni waone "ufundi wa mikono", wakati fundi wa batiki yuko mtaa wa tatu kutoka hapo.

Mwenye oda ya foronya 20 au pazia la mlango wa duka hana anachofuata Zhongda, hakuna atakayemsikiliza. Nantong wapo wanaopokea oda ndogo za namna hiyo, na nauli ya kutuma ni ya kilo chache. Dar es Salaam, Moshi na Mombasa wapo pia. Mshumaa wanao, kostiki soda na haidrosi wanazo, na katika makopo yao ya rangi buluu haikosekani, isipokuwa kwa miaka mingi wateja wamewaagiza rangi za magauni ya ofisini. Uji wa mchele nao si kitu cha kuagiza Japani. Mchele wa kunata unapatikana maduka ya Waasia mjini Dar, pumba mashineni Mbeya zinamwagwa, chokaa na chumvi tunazo. Koni ya karatasi anaweza kukunja hata mpambaji wa keki. Bado hajapatikana mteja wa kwanza, mwenye nembo au jina lake mkononi, anayekubali kungoja wiki mbili. Kama yumo humu ukumbini, tuonane mlangoni.